Mtaa Mzima Unaniita Dokta, na Mie Ndiyo Mgonjwa

Shikamoo Bibi Rosalia,

Nakuandikia nikiwa nimekaa juu ya ndoo bafuni, maana hapa kwetu ndiyo mlango pekee wenye komeo, na hata hivyo shangazi ameshagonga akauliza kama natapika, nikamjibu nafua, kwa hiyo inabidi kila nikiandika kidogo nichezeshe maji ili aamini. Naomba unisaidie, na naomba sana usitaje jina langu.

Mie ni mtoto wa kwanza kwetu, niko kidato cha nne, tunakaa Madale kule juu mlimani, wazazi ni Wahaya, baba ni karani na mama anauza vitenge Tegeta, na ishu yangu ilianza zamani nikiwa darasa la pili, siku ya wazazi shuleni, mwalimu akatusimamisha mmoja mmoja tuseme tukikua tutakuwa nani, wenzangu wakasema rubani, wakasema mwanajeshi, mmoja akasema anataka kuwa mbuzi, yeye wakamcheka wakamsahau, ila mie nikasema daktari kwa sababu aliyenitangulia alisema daktari na sikuwa nimefikiria kitu kingine, basi baba akasimama palepale akapiga makofi peke yake mpaka walimu wakaona aibu wakaungana naye. Tangu siku hiyo sijaitwa tena jina langu. Nyumbani naitwa Dokta, dukani naitwa Dokta, mama akikasirika anasema, "Dokta, wewe mtoto una akili kweli?"

Nilipoingia kidato cha kwanza baba akaninunulia mashine ya kupimia presha, ile ya mkanda wa mkononi, akasema nianze kuizoea mapema, halafu akaitangaza kwenye jumuiya. Bibi, sijui kama unazijua jumuiya zetu sie Wakatoliki, tunakutana Jumamosi asubuhi nyumba kwa nyumba tunasali, basi sala ikiisha watu wanapanga foleni nawapima, nawaambia kaa, tulia, usiongee mpaka mkanda ulegee, na Mzee Muntasir mwenye duka hapo chini, ambaye ni Muislamu na jumuiya haimhusu, naye hufika sala ikikaribia kuisha na kukaa kwenye foleni. "Dokta, jana nilikula pilau ya msibani, hebu niangalie isije ikawa imepanda." Nikimwambia imepanda anasema mashine inataka betri, nikimwambia iko sawa anasema huyu Dokta atafika mbali, na muda ambao mkanda umembana ndiyo muda pekee mtaa mzima unamsikia amenyamaza.

Sasa mwaka huu ndiyo mtihani wa taifa, na kila Jumamosi kwenye maombi kuna nia moja haikosekani, mwenyekiti wetu Mzee Polikarpo anafumba macho anasema, "Tumwombee Dokta wetu, Mungu amfungue akili, asituaibishe," na watu wote wanaitikia ee Bwana twakuomba utusikie, na mie naitikia pamoja nao, Bibi, naomba kwa sauti nisituaibishe.

Na mwili wangu umeanza kuharibika kidogo kidogo kama gari la kukodi. Kichwa kinanibana kuanzia hapa kwenye macho mpaka shingoni, tumbo linauma kila asubuhi ya jaribio lakini Jumapili haliumi, na nywele zetu za shule ni fupi ila hata hizo fupi zinadondoka, nina doa kwa nyuma kama kisoda, shangazi akasema ni mashilingi, yale mapunye ya kichwani, akanipaka dawa inayonuka, doa likabaki na harufu ikaongezeka. Nasoma hadi usiku mkubwa, nakunywa zile soda za kopo za kuongeza nguvu anazouza Mzee Muntasir, nikienda kitandani macho yanakodoka, nikikaa darasani ndiyo nalala, na nikisoma ukurasa mmoja nikafika chini sijui juu kulisemwa nini. Rafiki yangu Afrah anasema nimekuwa mkali kama mama wa kambo. Mwalimu Farida, yule wa malezi, amenisimamisha koridoni akaniambia nipite ofisini kwake siku yoyote, nikamwambia niko sawa mwalimu, nikaenda chooni nikalia.

Halafu, Bibi, hili naona aibu kuliandika, siku zangu zimeacha kuja. Mama ndiye huninunulia pedi, akaona pakiti zimekaa tu kabatini, hakuniuliza kitu, akampigia simu shangazi Jovina wa Tabata, na shangazi akaja na begi la nguo, ambalo maana yake anakaa. Akanikalisha chumbani.

"Nani?" akasema.

"Nani nini, shangazi?"

"Nakuuliza nani, na wewe unaniuliza nani nini."

Akanipima kwa kile kijiti cha famasi, kikasema hakuna mimba, akasema vijiti vya siku hizi ni feki, akashuka mpaka Tegeta akanunua kingine, nacho kikasema hakuna, akasema basi itakuwa bado changa. Mie sijawahi hata kushikwa mkono na mvulana. Muda wenyewe ningeutoa wapi.

Juzi walitoka wote, mie nikarudi kutoka shule, nikapanda ule mlima na begi langu huku nimekunywa kopo, moyo unadunda hadi nausikia masikioni, nikaona ngoja nijipime, mashine ikatoa namba ambayo nikiiona kwa Mzee Muntasir huwa namwambia aende hospitali leo leo. Nikapima tena, ikapanda zaidi. Nikapima tena. Nikaizima nikaificha chini ya vitenge. Kwa hiyo nadhani nina ugonjwa wa moyo, na sijamwambia mtu, maana nikimwambia mama, shangazi atasema mimba imepanda kifuani, na baba huwezi kumwambia kitu. Si kwamba ni mkali. Anaongea. Nilijaribu, nikasema baba, naomba kukwambia jambo, akasema, "Sema Dokta, mie nakusikiliza, unajua hata mie nilipokuwa na umri wako nilikuwaga natembea kwa miguu hadi shule, Kamachumu ile, na baridi ile," akaendelea mpaka chai ikaganda juu, na mwisho akanishika bega akasema nimefurahi sana tumezungumza.

Na Jumamosi hii inayokuja ndiyo mahafali. Unajua mahafali huwa kabla ya mtihani, tunashangilia kwanza, mtihani baadaye. Baba amenishonea koti jeupe la udaktari, mfukoni fundi amedarizi Dokta, keki itakuwa na umbo la kile kifaa cha kusikilizia moyo, ndugu wanakuja na basi kutoka Bukoba na baba ameshakwenda stendi ya Mbezi Luis kuulizia litaingia saa ngapi, na kwenye ratiba aliyochapisha kuna mahali pameandikwa, Dokta atampima Paroko presha mbele ya wageni.

Naogopa nitaanguka nimevaa lile koti. Wakati mwingine natamani nilale nisiamke mpaka Disemba. Bibi, nifanyeje, niwaambie sasa hivi niwaharibie sherehe, au nivumilie mahafali na mtihani vipite ndiyo niumwe vizuri? Maji ya kuchezesha yameisha na shangazi anagonga tena.

Mie,
Dokta, Madale

*

BIBI ROSALIA ANAJIBU

Marahaba, mjukuu wangu.

Umeniomba nisitaje jina lako. Sikulitaja, kwa sababu hukuliandika. Umeandika barua ndefu, umeniambia hadi doa la kichwani, halafu chini ukasaini Dokta. Ugonjwa wako unaanzia hapo, na tutarudi hapo. Kwa wasomaji wengine: Madale si Madale, na watu wote hapo juu nimewapa majina mengine. Koti nimeliacha kama lilivyo, maana wababa wanaoshona makoti mapema wako wengi mjini hapa, kila mmoja atadhani mwenzake.

Kabla ya yote, kuna sentensi yako moja niliyoisoma nikavua miwani, nikaipangusa, nikaisoma tena. Hiyo ya kulala usiamke mpaka Disemba. Kama ulikuwa na maana ya usingizi, usingizi nitakupa dawa yake hapo chini. Kama ulikuwa na maana nyingine, hata ndogo, hata ya kupita tu kama upepo, weka gazeti chini sasa hivi, nenda kwa Mwalimu Farida umwambie kwa maneno hayohayo, usiyapambe. Shule ikiwa imefungwa, mwamshe mama yako. Usisubiri mahafali na usibaki chumbani peke yako. Hapo sitanii, na ukiona nimeacha kukugombeza ujue jambo ni kubwa.

Haya, sasa nakugombeza.

Umeniuliza kama uvumilie mambo yapite ndiyo uumwe vizuri. Nani aliyekwambia ugonjwa unasubiri ratiba? Umeshaumwa. Unaumwa sasa hivi, juu ya ndoo. Mtoto ambaye nywele zinamdondoka, tumbo linamkata, halali, na siku zake zimekwama, halafu anaandika "niko sawa mwalimu", huyo si jasiri, huyo ni mwongo mwenye adabu.

Mie shule niliishia darasa la nne, sina haja ya kuficha. Nimekaanga vitumbua hapa Temeke mpaka watoto wangu saba wakamaliza masomo yao, na hakuna aliyeanguka. Si kwamba nilikuwa mpole, waulize. Ila ikifika saa ya kulala taa nilikuwa nazima mie mwenyewe, na mwenye daftari mkononi nalipokonya. Mmoja leo ni mhasibu. Alilala kila siku ya maisha yake ya shule na hesabu zikaingia.

Barua yako nilikwenda nayo kwa nesi wa kituo cha afya hapa kwetu, sikumsomea jina, na jina lenyewe halikuwepo. Akanisikiliza akaniambia huo ni msongo wa mawazo, nyie mnaita stresi, na kwamba kila msimu wa mitihani anawaona vijana wenye tumbo lako na kichwa chako. Nikamwambia, nesi, mawazo yako kichwani, nywele zinadondokaje? Akanieleza, nami nakueleza nilivyoelewa. Mwili hauna akili ya kutofautisha mtihani na mbwa. Mbwa akikukimbiza, moyo unapiga mbio, tumbo linafunga duka, usingizi unakimbia, na hata hizo siku zako mwili unasema zikae kando kwanza tuokoe roho. Mbwa akipita, kila kitu kinarudi mahali pake. Sasa wewe mbwa wako hapiti. Wewe mbwa wako anaombewa kila Jumamosi na amewekwa kwenye ratiba ya sherehe. Mwili umekimbia tangu Januari, unashangaa nini ukichoka?

Lakini nesi akanionya pia, na nakuonya: mie na wewe tusijifanye tunajua. Damu kupungua nayo hudundisha moyo, vidonda vya tumbo navyo vinakata, na siku kukwama kuna sababu nyingi. Kwa hiyo utakwenda kituo cha afya, wiki hii, kabla ya Jumamosi, upimwe na mtu aliyesomea. Umsimulie yote, na la siku zako pia, usilione haya. Yeye ameshayasikia mengi kabla hujazaliwa.

Na ile presha uliyojipima. Mtoto amepanda mlima, begi mgongoni, kopo la soda tumboni, hofu kifuani, anajifunga mkanda. Namba ikamtisha, akapima tena akiwa ametishika. Ungeendelea mpaka jioni ungepasua mashine. Wewe mwenyewe unawaambia watu wa jumuiya nini? Kaa, tulia, usiongee. Kwako ukasahau hata kukaa. Namba ile sisemi ni uongo wala sisemi ni kweli, mwachie nesi akupime umetulia, siku zaidi ya moja, yeye ndiye atakwambia. Ikiwa hata huko iko juu, utatibiwa kama watu wengine. Ila usijipime tena. Na Jumamosi kituo chako cha afya cha chini ya mwembe wa jirani au cha sebuleni, popote mnapofanyia, kimefungwa. Mzee mwenye duka akija mwambie daktari yuko likizo.

Makopo hayo acha leo. Usiseme utamalizia lililobaki, mwage. Yanakuazima nguvu ya kesho, na kesho ukiamka huna kitu unakwenda kununua jingine. Na muuzaji akikuuliza mbona hununui, mwambie kwa presha yake ile na yeye asiyanywe.

Kulala: saa nne ya usiku uwe umefunga kitabu. Kama una simu, ilale chumba cha mama. Ukisema hutamaliza kusoma, nakuuliza, unamaliza sasa? Mtu anayefika chini ya ukurasa hajui juu kulisemwa nini, huyo hasomi, anaangalia karatasi. Soma mchana ukitoka shule, ukishakula, kipande kidogo, inuka, nenda kachote maji au kafagie uwanja, rudi. Asubuhi unywe uji hata kama tumbo linakataa, unywe kidogo kidogo. Na jioni shuka huo mlima na rafiki yako Afrah bila daftari, mkacheze rede na hao watoto wa chini, mrushiane mpira mpaka mtokwe jasho. Una miaka kumi na saba au kitu kama hicho, si mjumbe wa baraza la wazee. Jaribio likikukamata na moyo ukaanza kupiga mbio, vuta pumzi taratibu, itoe taratibu zaidi, kama unayepoza uji wa mgonjwa. Utajisikia mjinga. Endelea tu.

Sasa nina maneno na wakubwa wako, maana hawa watu gazeti wanasoma.

Mama mwenye vitenge. Kijiti kimesema hakuna. Kijiti cha pili kimesema hakuna. Mtoto amesema hakuna. Ulikuwa unasubiri nani mwingine aseme? Umeona pedi hazijatumika, ukaenda kumwambia mtu wa Tabata kabla ya kumwambia mwenye pedi. Mwite huyo mtoto, mkae naye kitandani, umuulize si nani, umuulize vipi.

Shangazi mwenye begi. Ulikuja kwa nia njema na nauli yako, nakuheshimu. Ila ulikuwa unauliza nani, na jibu ni sie wakubwa. Sie ndiyo tuliompa. Tumempa mtoto kazi ya mtaa mzima, halafu tunamtafuta kijana wa kumlaumu. Kwa vile una muda na unaijua njia ya Tegeta, mpeleke wewe kituo cha afya, na ukifika huko umwache aingie kwa daktari peke yake. Ukae kwenye benchi na begi lako.

Mwenyekiti Polikarpo. Sala siingilii, dini yenu naiheshimu. Nakuomba tu neno moja lile la kuaibisha ulitoe. Muombeeni mtoto alale.

Na wewe mjukuu, usiondoke hapa unamchukia baba yako. Mwanaume aliyesimama peke yake kwenye ukumbi wa watu akampigia makofi binti wa darasa la pili, hao si wengi. Nimekaa Dar hii, nimeona wababa ambao siku ya wazazi hawakujua hata shule iko wapi. Kosa lake ni moja, makofi yale hajayamaliza hadi leo. Na wewe umeyaogopa, umenyamaza, yeye akadhani kunyamaza kwako ni furaha, akaongeza keki.

Sikuulizi kama unataka kuwa daktari. Nimeona hukuniuliza na wewe. Kama unataka, utataka hata mwakani. Kama hutaki, utajua taratibu. Swali hilo halimo kwenye mtihani wa taifa, usilijibu Jumamosi mbele ya Paroko.

Jibu la swali lako ni hili: unasema sasa, kabla ya sherehe. Na sherehe haiharibiki. Ndugu wameshakata tiketi, waje wale. Keki iliwe, ina sukari kama keki nyingine. Mahafali yako uyavae kwa sare yako ya shule kama wenzako, koti libaki kwenye mfuko wa fundi. Paroko ana hospitali yake.

Limebaki la namna ya kumwambia mtu anayeongea. Umeniandikia kwamba baba yako hanyamazi. Mbona dawa yake unayo chini ya vitenge. Mzee mwenye duka, aliyeshindikana mtaa mzima, wewe unamnyamazisha kila Jumamosi.

Nimekwambia usijipime wewe. Yeye sijasema. Kaitoe mashine. Baba akirudi kazini, ameshaoga, amekaa, mwambie, baba, naomba nikupime. Atafurahi, atakunja shati mwenyewe. Mfunge mkanda. Mwambie kama unavyowaambia wengine, tulia, usiongee mpaka mkanda ulegee. Atatii, kwa sababu anayemwambia ni Dokta. Mkanda ukianza kujaa, wewe ndiyo uongee. Usianze na tumbo, usianze na mtihani. Anza na jina ulilobatizwa nalo. Sema, baba, mie ni fulani, naumwa, nimeogopa kukwambia. Kisha mengine yatamwagika yenyewe.

Mkanda ukilegea hujamaliza, bonyeza tena.

Namba itakayotoka itakuwa kubwa. Usimsomee. Hapo wewe si daktari, wewe ni mgonjwa, na mgonjwa kazi yake ni kusema panapouma.

Bibi Rosalia,
Temeke